Mwalimu wa kucheza mwenye alikataa kula: Katherine Dunham na deni ya Haiti

Mu mwezi wa sita mwaka wa 2025, serikali ya Marekani ilifunga mulango kwa raia wa inchi 12. Haiti iko mu ile orodha, na Congo-Brazzaville iko ndani vilevile. Watu walizungumuza juu ya wanafunzi, wafanyabiashara na familia zenye zimegawanyika. Wacheza ngoma walitajwa kidogo sana. Lakini kwa mutu mwenye anaishi kwa kucheza, viza ni chombo cha kazi sawa vile viatu: mafunzo iko kule, jukwaa iko kule, na pesa pia iko kule.

Kuna jambo yenye kushangaza mu ile habari. Kila siku, mu masomo ya kucheza ya Marekani, vijana wanafundishwa miendo yenye ilitoka Haiti, na sehemu yake ilifika Haiti ndani ya meli za utumwa pamoja na watu wa Kongo. Ile miendo iliingia bila kuombwa karatasi. Wenye miendo ndio wanaombwa karatasi.

Mwanamuke mwenye alibeba sehemu kubwa ya ile miendo na kuiingiza mu mafunzo ya bale na ya jazi aliitwa Katherine Dunham. Na wakati Marekani ilikuwa inarudisha Wahaiti kwao mu mwaka wa 1992, hakuandika barua tu. Aliacha kula.

Siku 47

Tukumbushe kwanza ile wakati. Mwisho wa mwezi wa tisa 1991, askari wa Haiti walipindua Jean-Bertrand Aristide, padri mwenye watu walimuchagua kuwa rais. Maelfu ya watu waliingia mu mitumbwi wakielekea Florida. Meli za walinzi wa bahari wa Marekani ziliwakamata katikati ya maji. Wengine walipelekwa mu kambi ya Guantánamo, wengine walirudishwa palepale kwenye walitoka.

Mwanzo wa mwezi wa pili 1992, Mama Dunham alianza mugomo wa njaa mu nyumba yake ku East St. Louis, muji wa jimbo la Illinois. Alikuwa na miaka 82. Magoti yake yalikuwa yameharibika zamani, hakuweza tena kucheza. Alikaa siku 47 bila chakula, na aliacha kwa ombi la Aristide mwenyewe.

Je, ilileta faida? Kwa upande wa siasa, kidogo sana, tusidanganyane. Mu mwezi wa tano wa ule mwaka, Rais George Bush alitoa amri kwamba kila mutumbwi wa Wahaiti urudishwe bila hata kusikiliza nani anaomba kimbilio. Magazeti yaliandika, watu wa filamu na wa siasa walifika kumusalimia ku kitanda, basi.

Lakini swali lingine ni la maana zaidi: juu ya nini yeye? Mugomo wa njaa wa padri, watu wangeuelewa. Wa deputé wa upinzani pia. Lakini mwalimu wa kucheza? Jibu liko mu namna alivyojifunza ile kazi yake.

Alianza bale akiwa amechelewa

Dunham alizaliwa tarehe 22 mwezi wa sita 1909. Baba yake alikuwa mutu mweusi mwenye kazi ya kufua na kunyoosha nguo za watu mu Joliet, karibu na Chicago. Mama yake alikufa wakati yeye alikuwa bado mutoto mudogo. Hakuna chochote mu ile familia chenye kilimupeleka ku bale, ni kusema ule muchezo wa Ulaya wenye unafanywa kwa vidole vya miguu, mugongo wima, kila hatua na jina lake la Kifaransa. Watoto wenye wazazi wao wanataka wafike mbali mu bale wanaanza na miaka 8 ao 9, mifupa ingali laini. Yeye alianza kujifunza kwa bidii wakati alikuwa kijana mukubwa, ku iniversite.

Walimu wake wa kwanza ku Chicago walikuwa Ludmilla Speranzeva, mama mwenye alitoka Urusi, Mark Turbyfill na Ruth Page. Mu ile wakati masomo mingi ya bale ya Marekani yalikuwa hayapokei mutu mweusi. Turbyfill na Dunham walijaribu kuunda kundi la bale la watu weusi mwanzo wa miaka ya 1930. Lilikufa haraka, pesa haikukuwa. Lakini Ruth Page alimupa nafasi mu mwaka wa 1934, ku opera ya Chicago, mu bale yenye iliitwa La Guiablesse, yenye hadithi yake ilitoka ku Martinique.

Wakati huohuo alikuwa anasoma elimu ya mila na desturi za watu mu iniversite ya Chicago. Hapa njo maisha yake iligeuka. Inasimuliwa kwamba alipoitwa mbele ya wakubwa wa mufuko wa Rosenwald, wenye walikuwa wanatoa pesa ya masomo, walimuuliza anataka kujifunza nini. Hakutoa hotuba. Alivua koti, akaonyesha hatua za bale, kisha akacheza namna ingine kabisa, ya Kiafrika, ili waone kwa macho yao kitu chenye Chicago haiwezi kumufundisha. Pesa walitoa.

Mu 1935 na 1936 alitembea Jamaica, Martinique, Trinidad na Haiti. Ku Haiti alikaa sana. Hakusimama pembeni na kalamu kama watafiti wengi wa wakati ule: alicheza nao, na mwisho aliingizwa mu dini yao ya vodou. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, mu kitabu chake Island Possessed cha mwaka wa 1969, juu ya ile hali ya kuwa mugeni mwenye anaandika na mutoto wa nyumba kwa wakati mumoja. Haikumutoka mu kichwa.

Kitu alichokamata

Mu Congo, neno jazi linakumbusha watu orkesta: African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco. Kwa walimu wa kucheza wa Marekani na Ulaya, jazi ni jina la muchezo pia, wenye unafundishwa sawa vile bale, na darasa lake, na hatua zake.

Msingi wa ule muchezo ni kutenganisha viungo. Kichwa kinatembea, mabega yanatulia. Kifua kinaenda pembeni, kiuno kinabaki. Kisha kiuno kinazunguka peke yake, na magoti yanabeba yote. Mutu mwenye amekulia mu matanga na mu ndoa za Congo atacheka: kumbe hiyo iko na mwalimu? Ndiyo, iko na mwalimu, na hata na diploma. Bale ya zamani haikuwa na ile kitu. Bale inaomba kiwiliwili kisimame kama nguzo moja na uzito uelekee juu. Michezo ya Haiti inaomba mugongo utembee kama nyoka ya maji, magoti yakunjwe, uzito uelekee chini ku udongo. Wahaiti wanaita ule mwendo wa mugongo yanvalou, na asili yake iko upande wa Benin ya leo.

Dunham alikamata zote mbili. Darasa lake lilianza ku mbao ya ukutani sawa mu bale, kwa mazoezi ya miguu na ya kunyoosha mwili. Lakini muziki haukuwa piano peke yake, kulikuwa ngoma. Na palepale ku ile mbao mugongo ulianza kutembea. Kisha kutenganisha viungo, kimoja kimoja, pole pole, pamoja na pumzi. Kisha kuvuka chumba kwa mustari, kila mustari na mdundo wake. Ilikuwa na utaratibu: wa kwanza hiki, wa pili hiki, na sababu ya kila kitu. Njo maana mutu mwingine aliweza kuichukua na kuifundisha bila yeye kuwa pale.

Hapo ndipo wachezaji wengi wa Afrika na wa Haiti wanapotezea. Wanacheza kuliko walimu wao wa Ulaya, lakini ufundi wao haujapewa majina na utaratibu wenye mutu wa tatu anaweza kushika. Wakifa, unabaki ku video.

Na Kongo iko wapi mu hii hadithi? Iko katikati. Mwisho wa miaka ya 1700, watu wa Kongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya watumwa wenye walikuwa wanafikishwa mu Saint-Domingue, jina la zamani la Haiti. Mupaka leo mu vodou kuna ngoma na roho zenye zinaitwa Kongo, na Dunham aliziandika mu kitabu chake juu ya michezo ya Haiti, chenye kilitoka kwa Kifaransa mu 1950 na dibaji ya Claude Lévi-Strauss. Ku New Orleans, muji wenye muziki wa jazi ulizaliwa, kiwanja kwenye watumwa walikuwa wanacheza siku ya yenga kinaitwa Congo Square, na kingali pale. Hakuna mutu anaweza kupima ni sehemu gani ya jazi ilitoka wapi. Lakini jina liliandikwa ku ardhi.

Masomo ya New York

Kati ya 1938 na 1943 mambo yalienda mbio: bale yake L'Ag'Ya, juu ya mapigano ya kuchezwa ya Martinique, Cabin in the Sky ku Broadway mu 1940, kazi aliyofanya pamoja na George Balanchine, yule fundi mukubwa wa bale mwenye alitoka Urusi, filamu Stormy Weather mu 1943. Kundi lake lilitembea dunia, na Paris ililiona mu 1948.

Lakini kitu chenye kilidumu ni masomo aliyofungua katikati ya New York mu miaka ya 1940. Mwanafunzi alikuwa anapata bale, jazi, michezo ya Karibe, ngoma, na tena elimu ya mila za watu, luga na filozofia. Kwake, kufundisha yanvalou bila kufundisha Haiti ni nini, ilikuwa kazi nusu. Eartha Kitt alipita pale. James Dean pia. Marlon Brando alikuwa anakuja, na alipenda zaidi kupiga ngoma. Karel Shook alifundisha bale pale, na kijana moja wa Harlem, Arthur Mitchell, alijifunza kwake. Mu 1969, kisha kuuawa kwa Martin Luther King, wale wawili waliunda Dance Theatre of Harlem, kundi la bale la watu weusi lenye liko mupaka leo. Mbegu ya Chicago ya 1930, yenye ilikauka, iliota huko.

Masomo yalifungwa katikati ya miaka ya 1950. Sababu ni ileile ya kila siku. Kundi lilikuwa linalisha masomo, na kundi lenyewe halikupata musaada wa serikali. Na pale kuna habari yenye inafaa kutajwa: mu 1951, ku Santiago ya Chile, Dunham alionyesha bale moja yenye iliitwa Southland, juu ya mutu mweusi mwenye wazungu wanamunyonga bila hukumu. Balozi ya Marekani haikufurahi. Wakati serikali ilianza kutuma makundi ya kucheza mu dunia nzima ili kuonyesha sura nzuri ya inchi, kundi lake halikuchaguliwa. Hakuna karatasi yenye inasema wazi kwamba sababu ni ile bale, lakini wenye walimujua hawakuwa na shaka.

Kwake haikuwa mara ya kwanza. Mu 1944, ku Louisville, kisha kucheza, alisimama mbele ya watu akawaambia hatarudi mu ile sali mupaka siku watu weusi wataruhusiwa kukaa pamoja na wazungu.

Muji wenye hakuna mutu aliutaka

Mu 1967 alienda kukaa East St. Louis. Angeweza kubaki ku Paris ao ku Dakar, kwenye alikuwa musaidizi mu tamasha ya kwanza ya dunia ya sanaa za watu weusi mu 1966. Alichagua muji wa viwanda vyenye vimefungwa, vijana bila kazi, polisi na wakaaji wakiangaliana kwa jicho baya. Wakati alikuwa bado mugeni, polisi ilikamata vijana fulani; alienda kuuliza sababu, wakamufunga naye.

Alifungua kituo cha mafunzo kwa musaada wa iniversite ya jimbo. Vijana wenye walikuwa mu vikundi vya barabarani walifundishwa kupiga ngoma na kucheza, na wapiga ngoma wa Senegal na wa Haiti walikuja kufundisha. Haikumaliza umasikini wa ule muji, East St. Louis ingali masikini. Lakini ilitoa walimu. Na hao walimu, pamoja na wenye walitoka New York, ndio wanaendesha leo mafunzo ya mbinu ya Dunham, na utaratibu wa kupima nani anaweza kuifundisha kwa jina hilo.

Hakuwa malaika. Shamba kubwa alilonunua ku Port-au-Prince, lenye linaitwa Habitation Leclerc, liligeuka kwa sehemu hoteli ya matajiri wa kigeni mu miaka ya 1970, mu mutaa wa watu wasio na maji. Wahaiti wengine hawakusahau ile. Labda na yeye hakuisahau. Mutu anaweza kusoma siku 47 za 1992 pia namna hiyo, kama mutu mwenye anajua hesabu yake.

Diploma ni ya nani?

Ku Ufaransa, tangu sheria ya mwezi wa saba 1989, mutu hawezi kufundisha kucheza kwa pesa bila diploma ya serikali, ikiwa anafundisha moja ya michezo mitatu: bale, muchezo wa kisasa, na jazi. Michezo ya Afrika haiko mu ile orodha. Mu 2024 bunge yao ilibishana kama hip-hop iingie, na wacheza hip-hop wengi wenyewe walikataa, wakisema serikali itawafungia mulango wa nyumba waliyojijengea.

Kwa kijana wa Congo mwenye anafika Paris ao Lyon, hesabu iko hivi: akifundisha ndombolo ao ngoma ya kwao, hakuna mutu anamuomba diploma, na hakuna mutu anamulipa kama mwenye diploma. Akitaka mushahara wa kweli ku masomo ya muji, anapaswa kupita mutihani wa jazi ao wa kisasa. Ni kusema, anarudia kujifunza, kwa luga ya wengine, mwendo wa kiuno wenye bibi yake alikuwa anaufanya.

Faustin Linyekula aligusa hilo jambo kwa njia yake. Alizaliwa Ubundu mu 1974, alianza kazi ya kucheza ku Nairobi, kisha mu 2001 aliunda Studios Kabako ku Kinshasa, na leo iko Kisangani. Mu 2012 Ballet de Lorraine, kundi la Ufaransa, lilimupa kazi juu ya La Création du monde, bale ya mwaka wa 1923 yenye Darius Milhaud aliandikia muziki kisha kusikia jazi ku Harlem. Ile bale inasimulia namna dunia iliumbwa kulingana na hadithi za Afrika. Wenye kuicheza ku Paris mu 1923 walikuwa watu wa Ulaya ndani ya mavazi makubwa ya kuficha mwili. Linyekula aliirudisha ku jukwaa, kisha akaweka mbele yake swali la mutu mweusi mwenye hakualikwa.

Na Kisangani, si Paris, njo alichagua kuweka studio. Ile ni njia ingine ya kulipa deni, na ni ya bei. Kule mwalimu anafundisha mu muji wenye umeme unakatika, kwa vijana wenye hawana njia ya kulipa, na pesa inatoka inje karibu yote.

Ku Port-au-Prince, shamba la Dunham lilikuwa limegeuzwa bustani ya watu wote, pamoja na nyumba ya vitabu yenye jina lake. Liko mu mutaa wa Martissant. Tangu mwezi wa sita 2021, ule mutaa uko mikononi mwa vikundi vya silaha. Mu Haiti nzima, watu zaidi ya milioni 1 wamekimbia makao yao. Kenya ilituma polisi yake kuanzia mwezi wa sita 2024.

Amri ya Marekani ya 2025 iliacha nafasi kwa watu wa namna fulani kutoka zile inchi 12. Wachezaji wa mupira na walimu wao, kwa mufano, wanaweza kuingia kwa ajili ya Kombe la Dunia ao Olimpiki. Mupiga ngoma wa Haiti mwenye anaalikwa kufundisha yanvalou ku East St. Louis hayuko mu ile orodha.